Mzee Anachelewa Kuamka

Nikiulizwa kanisani ninafanya kazi gani, husema ninashughulika na kompyuta, na watu huniletea simu zilizopasuka vioo. Nimeacha kuwasahihisha. Kazi yangu hasa ni kuzipeleka programu mahali zinapoishi, na kuhakikisha zinaishi. Programu zenyewe ni za vyama vya msingi vya kahawa. Mkulima akiweka gunia lake kwenye mizani ya Nyakakika au ya Kimuli, kilo zinapita hewani hadi kwetu, na ujumbe unarudi kwenye simu yake kabla hajajifuta jasho. Watu hudhani mizani ndiyo yenye akili. Mizani haina akili yoyote. Akili iko kwenye kundi la kompyuta zilizo mbali, ambazo sijawahi kuziona kwa macho yangu, na kundi hilo tunaliita klasta.

Kila programu tunaifunga ndani ya kontena, yaani boksi lenye kila kitu inachohitaji ili iamke popote itakapowekwa. Juu ya maboksi hayo yupo anayeamua lipi likae kwenye mashine ipi, lipi liongezewe wenzake, lipi liondolewe. Naye ni programu tu, ana jina la kigeni ambalo kila mtu ofisini analitamka kwa namna yake, kwa hiyo bosi alitupunguzia taabu akamwita Nyapara. Jina likamkaa. Kila baada ya sekunde chache Nyapara hupita akigonga kila mlango: upo? Programu ikijibu kuwa ipo, anaendelea. Isipojibu, anagonga tena. Ikinyamaza mara ya tatu anaiua, na papo hapo anawasha nyingine inayofanana nayo kama yai na yai. Hakuna matanga, na hakuna anayeuliza marehemu alikuwa anaumwa nini.

Nisiseme uongo, niliipenda kazi hii kwa ukatili wake. Nilipoanza kuifanya nilikuwa nimetoka Murongo, mpakani, kwa mwanamume niliyeolewa naye, wakala anayewasaidia wafanyabiashara kuvusha mizigo kwenda Uganda. Alikuwa akinipiga. Kila aliponipiga tulikalishwa kikao: wazee wake, wazee wangu, mchungaji, chai, sala, na maneno mengi kuhusu subira. Kisha nilirudishwa ndani, akanipiga tena. Kwa mtu aliyetoka kwenye vikao vya namna hiyo, kumwona Nyapara akiondoa kibovu bila kumwomba mtu ruhusa ilikuwa raha kubwa. Nilikuwa nakaa mbele ya kioo cha kompyuta nikitabasamu peke yangu.

Nilirudi kwa baba, kijijini Nyakakika, na begi moja na jino moja pungufu. Kwetu binti aliyerudi kutoka kwa mume hana chumba, ana pa kulala tu, na pa kulala penyewe hutegemea moyo wa mwenye nyumba. Mama alikuwa amekwisha kufariki. Baba hakuniuliza kitu. Alinitazama mdomoni, akamwambia shangazi, dada yake anayeishi naye, anitolee godoro na anifagilie chumba cha nyuma, kile chenye dirisha linalotazama migomba. Nililichukua godoro lile kuwa ndilo jibu lake, na nilikaa na jibu hilo kwa muda mrefu bila kulikagua.

Mwaka uliofuata alipigwa na kiharusi akiwa anapunguza majani ya migomba. Mkono wa kulia ukafa, mguu ukawa wa kuburuta, na maneno yakabaki ndani. Kila mtu alisema amekuwa bubu. Wageni walikuja wakaongea juu ya kichwa chake kana kwamba wamekuja kutazama kiti. Mimi ndiye niliyegundua kwamba hakuwa bubu, alikuwa anachelewa. Asubuhi moja nilimuuliza, "Baba, uji au chai?" Hakusema kitu, nikamletea uji, nikaenda jikoni. Nilimenya ndizi za sufuria nzima, nikabandika, nikarudi kuchukua kikombe. Uji ulikuwa umepoa. Baba akafungua mdomo, akasema, "Chai." Nilicheka mpaka nikakaa chini, na yeye, kwa upande wa uso uliobaki mzima, akacheka pia.

Tangu hapo nilijua namna ya kuzungumza naye. Unamuuliza jambo, unaliacha likae, unaendelea na shughuli zako, kisha unarudi kulichukua jibu. Kila asubuhi nilimwamkia mlangoni kabla ya kupanda bodaboda kwenda mjini ofisini. Nilisema shikamoo baba, halafu nilisimama. Kijana wa bodaboda alikuja akazoea, akawa anazima injini ili asichome mafuta bure. Marahaba ya baba ilipanda polepole kama mtu aliyebeba mkungu wa ndizi mlimani, na ilipofika ndipo nilipoondoka. Nilichelewa kazini mara nyingi kwa sababu ya marahaba hiyo. Bosi aliponiuliza nilimwambia barabara ni mbovu, na haikuwa uongo kabisa, maana barabara yetu ni mbovu kweli.

Sasa niwaeleze kaka yangu. Ni mkubwa wangu, na kibanja chake kiko ng'ambo ya barabara. Kibanja kwetu ni shamba la nyumbani, migomba na kahawa pamoja, nyumba ikiwa katikati na makaburi ya babu zetu pembeni. Ugonjwa wa mnyauko uliingia kwenye migomba yake, na alipoambiwa aing'oe aichome na asafishe panga lake, alisema atafanya kesho. Kesho yake ilichukua msimu mzima, na migomba yote ikaoza imesimama. Badala ya kuanza upya, akawa anasimama barabarani jioni akitazama ya baba. Alitazama migomba, alitazama nyumba, na mwishoni alitazama dirisha la chumba changu. Mkewe alikuwa ameshaanza kusema mbele za watu kwamba chumba kile kingefaa kwa watoto.

Kwa desturi yetu, mwenye nyumba akifariki ukoo hukaa ukamtangaza musika, mrithi mkuu, naye hushika nyumba na kibanja na kuwa na sauti juu ya nani akae humo. Mwenyewe akiwa hai, neno hilo halitamkwi. Ni sawa na kumchimbia mtu kaburi huku anakutazama. Kaka alikuwa anatafuta njia ya kulitamka bila kuonekana amelitamka, na njia hiyo, kwa bahati yangu mbaya, nilimpa mimi mwenyewe siku ya Jumapili, tukila ndizi na maharage baada ya ibada.

Nilikuwa najisifu. Nani asingejisifu? Nilikuwa mwanamke mwenye pengo mdomoni aliyerudi kwao, na ghafla nilikuwa na kazi ambayo hakuna mtu mezani angeweza kuieleza. Nikawasimulia habari za Nyapara. Shangazi alisema anafanana na msimamizi mmoja wa shamba aliyemjua ujanani. Kaka, ambaye hajawahi kuniuliza hata kama nimekula, akaanza kuuliza maswali.

"Asipojibu mara ya tatu?"

"Anaondolewa," nikasema.

"Na nafasi yake?"

"Anawekwa mwingine pale pale. Wateja hata hawajui."

Kaka aliacha kutafuna. Alimtazama baba aliyekuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, kijiko kikiwa katika mkono wa kushoto, maharage yakimdondokea kwenye shati. Kisha akaendelea kula, na akaomba aongezewe.

Kuanzia kesho yake akawa anavuka barabara kila asubuhi. Hakuwa akiingia. Alisimama mlangoni na kusema kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe, "Baba, upo?" Anasubiri kidogo, anauliza tena, kisha tena. Halafu anamgeukia yeyote aliyepo, jirani aliyekuja kuomba moto au mtoto aliyetumwa chumvi, na kusema, "Mmesikia wenyewe." Anaondoka zake. Alipokuwa ameshavuka barabara na kupotea kwenye migomba yake iliyokufa, baba alisema, "Nipo." Tulimsikia mimi na shangazi. Siku moja nilimkimbilia kaka nikamwambia baba amejibu, arudi amsikie. Akaniambia, bila hata kugeuka, kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Nilikuwa na beseni la maji ya vyombo mkononi, nikammwagia yote mgongoni. Sikujuta wakati ule wala sasa, isipokuwa vijiko viwili vilivyoruka nayo hatukuviona tena.

Habari zikasambaa kijijini kwamba mzee wa pale kwetu hajibu tena. Kwenye mazishi ya jirani nilimsikia mtu akimtaja baba kwa neno "alikuwa".

Wakati huohuo ofisini tulikuwa tunahamisha huduma ya mizani kwenda kwenye klasta. Ilikuwa programu ya zamani, iliandikwa na mtu ambaye hayupo tena kazini, na miaka yote iliishi peke yake kwenye kompyuta moja iliyojaa vumbi chini ya meza ya stoo. Bosi aliiita Mzee. Kabla Mzee hajajibu lolote alikuwa na tabia ya kusoma kwanza wakulima wote wa vyama vyote, mmoja mmoja, na kuwaweka kichwani. Ukimwasha, unaweza kwenda kunywa chai. Kule stoo, jambo hilo halikumsumbua mtu, maana alikuwa hazimwi. Nilimfunga kwenye kontena, nikamwandikia maelekezo ya Nyapara kwa kunakili yale ya huduma zetu ndogo, zile zinazoamka kufumba na kufumbua. Wote tunanakili. Asiyenakili katika kazi hii hamalizi siku.

Siku ya kufunguliwa msimu wa ununuzi, Mzee alikufa. Akawashwa mwingine, naye akafa. Akawashwa mwingine. Kwenye kioo niliona namba ya vifo ikipanda, na kila mara sababu ilikuwa ileile: ameulizwa kama yupo, hakujibu. Nilidhani ana kosa ndani yake, nikaanza kumpasua, nasoma mstari kwa mstari. Simu zikaanza kuita. Karani wa Kimuli alisema watu wamepanga foleni na magunia kichwani, mizani inaonyesha kilo lakini hakuna ujumbe, na bila ujumbe mkulima wa siku hizi haachi gunia lake hata ukimwapia. Akasema mawingu yamefunga na kahawa ya maganda haitakiwi kulowa. Nyakakika walipiga wakasema hayohayo kwa matusi.

Bosi wetu ana desturi moja. Kazi ya mtu ikianguka huwaita wote wasimame nyuma ya kiti cha mtu huyo. "Njooni muone mazishi," alisema siku ile, na wakaja, wengine na vikombe vyao vya chai. Alikaa kwenye kona ya meza yangu akining'iniza mguu. Aliniacha nihangaike mbele yao, nifungue hiki, nifunge kile, na najua kwamba alikuwa ameshaliona kosa tangu alipoingia, kwa sababu hakutazama kioo hata mara moja. Alikuwa ananitazama mimi. Alipochoka kufurahi ndipo aliposema.

"Unamuuliza kabla hajaamka, unamuua, halafu unashangaa hajaamka. Huyo ni mzee. Mpe muda." Akashuka mezani. "Tatizo lako huna subira. Ndiyo maana hata Murongo hukukaa."

Wakacheka. Si wote, lakini waliocheka walitosha. Sijui nani alimwambia habari za Murongo. Katika wilaya hizi mbili, yetu na ya Murongo, mtu akipigwa upande mmoja, upande wa pili wanajua alipigwa kwa mkono gani. Niliandika maelekezo mapya. Sasa kulikuwa na swali moja la kwanza, peke yake: umeamka? Mpaka Mzee ajibu hilo, na alipewa muda mrefu wa kulijibu, Nyapara hakuruhusiwa kumgongea kumuuliza kama yupo. Nikamwasha. Tulisubiri. Watu walimaliza chai. Kisha Mzee akajibu, na dakika hiyohiyo karani wa Kimuli akapiga kusema ujumbe unaingia mfululizo na mvua haijafika. Hakuna aliyenipongeza, wala sikutegemea.

Nilirudi nyumbani nimechukia, lakini chini ya chuki hiyo kulikuwa na furaha. Yule mtu mbaya alikuwa amenipa sentensi. Nilikuwa nimeitafuta tangu kaka aanze kusimama mlangoni, sentensi ya kuwaeleza watu baba yangu ana nini, na sikuipata kwa daktari wala kwa mchungaji. Njia nzima kwenye bodaboda niliirudia kimoyomoyo. Unamuuliza kabla hajaamka.

Kikao kiliitwa Jumamosi. Kaka ndiye aliyemwita baba mdogo, mdogo wake baba anayeishi Kimuli, mtu mpole anayeogopa ugomvi kuliko anavyoogopa simba. Walikuja na wazee wengine wawili wa ukoo. Shangazi alipitisha kahawa ya kutafuna kwenye kisahani, na rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikaletwa kwenye galoni. Baba tulimvalisha koti. Nyumbani tunaongea Kinyambo, na hapa ninayaweka maneno yao kwa Kiswahili, lakini hakuna nililolilainisha.

Kaka alisema hana haraka na kitu chochote. Alisema hivyo kwanza, kama wasemavyo wenye haraka. Akaeleza kwamba nyumba isiyo na msemaji ni nyumba iliyo wazi, kwamba yeye ameuliza kila asubuhi na majirani ni mashahidi, na kwamba hataki ukoo wake uchekwe. Juu yangu alisema neno moja tu, kwamba kuna watu wanaomtumia mgonjwa kama mwavuli. Sote tulijua akishika nyumba mimi sitalala humo hata wiki. Sikutaka kibanja. Naomba hili lieleweke, kwa sababu baadaye walisema nilikitaka. Nilitaka kile chumba cha nyuma, na nilitaka baba aseme kwa mdomo wake kwamba ni changu.

Baba mdogo akasogeza kiti, akamshika baba goti. "Kaka, watoto wako hawa hapa. Nyumba hii na kibanja hiki, nani avishike?"

Baba alimtazama. Baba mdogo akauliza tena, taratibu zaidi. Akauliza mara ya tatu, sauti ikimpungua kwa aibu.

"Mara tatu," kaka akasema.

Lakini baba mdogo akatikisa kichwa. Alisema aliye hai hasemewi. Kaka yake hajajibu, basi na wao hawana la kuandika. Mambo yabaki yalivyo, kila mtu akae alipo, na Mungu atakapopanga vingine watakutana tena. Kaka alisimama kwa hasira mpaka kiti kikaanguka. Wazee wawili wakaanza kutafuta kofia zao.

Kila mtu akae alipo. Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa pale. Ningefunga mdomo wangu, leo ningeamka kwenye chumba chenye dirisha linalotazama migomba. Lakini nilikuwa na ile sentensi, ilikuwa inaniwasha, na nilikuwa nimeshiba matusi ya mwezi mzima. Nilienda nikasimama mlangoni, nikaweka mikono kwenye miimo yote miwili.

"Hakuna anayetoka," nikasema. "Mnamuuliza kabla maneno hayajamfika, halafu mnasema hana maneno. Baba anachelewa, hajafa. Kaeni chini. Atajibu."

Shangazi alinivuta kanga kwa nyuma. Alininong'oneza niache, niwaache waende. Nilidhani anaona aibu. Yeye ndiye aliyekuwa akishinda na baba mchana kutwa nikiwa kazini, ndiye aliyekuwa akisubiri majibu yake yote, na sikuwahi kumuuliza baba alikuwa akisema nini nikiwa sipo. Niliuondoa mkono wake.

Wakakaa. Walikaa kwa sababu waliniogopa, nadhani, na kwa sababu rubisi ilikuwa bado ipo. Baba mdogo akachukua kahawa nyingine. Mzee mmoja akafungua simu, akasoma ujumbe wa zamani akisogeza midomo. Kaka alisimama na mikono kifuani, akitabasamu. Nje kuku alitangaza yai lake kwa kelele akamaliza. Nilimtazama baba koo, kwa sababu najua, kabla ya neno kufika, koo lake hupanda na kushuka kama mtu anayemeza kidonge. Lilipanda. Wote wakaliona.

Aliinua mkono wa kushoto, akaunyoosha kwa kaka. "Huyu," akasema.

Sikushtuka. Mtoto wa kiume ni wa kiume, na nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Hata nilijisikia kiburi kwamba amejibu mbele yao. Baba mdogo alikuwa amefurahi kweli, macho yanamng'aa, akasema kumbe ni kweli anasema, kumbe ni kumpa nafasi tu. Alinigeukia kwa heshima ambayo hajawahi kunipa. Kisha, kwa wema, kwa nia ya kunitendea haki, akamwuliza la pili. "Na huyu binti yako, akae wapi?"

Safari hii hakuna aliyefanya haraka. Nilikuwa nimewafundisha. Waliweka vikombe chini, wakampa baba muda wote aliouhitaji. Hata kaka alisubiri. Mimi nilishusha mikono kutoka kwenye miimo, nikaiweka mbele kama mtu anayengoja kukabidhiwa kitu. Koo likapanda.

"Arudi Murongo."

Alilisema wazi, bila kukwama. Hakuna neno alilowahi kulisema wazi namna ile tangu augue. Shangazi alifunika uso na kanga. Nilimgeukia kaka nikidhani atacheka, na angecheka ningepata la kufanya na mikono yangu. Hakucheka. Alikuwa anatazama sakafu. "Umesikia mwenyewe," akasema polepole.

Wageni walikula, maana chakula kilikuwa kimeiva na chakula hakina kosa. Mimi nilipiga magoti mbele ya kiti cha baba. Nilimwambia, "Baba, siku nilipokuja uliniona mdomo." Halafu nikamsubiri. Walipita na sahani juu ya kichwa changu. Baba mdogo aliaga, akaniwekea mkono begani, akaondoka. Kaka akaenda kumwita mkewe aje aone chumba. Nilibaki pale magotini mpaka miguu ikafa ganzi, nikijiambia kwamba atakaposema atasema kitu kitakacholigeuza lile la kwanza, kwamba pengine lilikuwa jibu la swali jingine, la zamani, lililochelewa kumfika. Nilimpa muda ambao sijawahi kumpa mtu yeyote duniani.

"Niliona," akasema.

Basi. Nilingoja kama kuna lingine nyuma yake, na halikuwepo.

Asubuhi nilifunga begi lilelile. Murongo sikurudi, na sitarudi nikiwa hai. Usiku ule, kwa simu, nilikuwa nimepata chumba cha kupanga mjini karibu na ofisi, ukuta mmoja na mashine ya kusaga. Kijana wa bodaboda alifunga begi langu nyuma kwa mpira. Baba alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, jua likimpiga magotini. Kwa mazoea nilisimama mbele yake nikasema shikamoo baba, na kwa mazoea kijana akazima injini.

"Washa," nikamwambia.

Alinitazama, akamtazama baba. Nikamwambia tena awashe, kwa sauti iliyomfanya akanyage haraka. Tulishuka kwenye barabara na sikugeuka nyuma.

Shangazi alinipigia simu nikiwa kazini, wakati wa kuweka toleo jipya la mizani. Alizunguka kwanza, akaniuliza hali, akaniuliza kama mjini maji yanatoka. Kisha akasema siku nilipoondoka baba aliitikia. Tulikuwa tumeshakunja kona ya kanisa. Na tangu siku ile, alisema, kila asubuhi saa ileile husema marahaba akiutazama mlango, wakati hakuna aliyemwamkia, na mke wa kaka anamcheka, anasema mzee ameanza kupokea salamu za majini. Akaniuliza nitakwenda lini.

Nilimwambia kwamba kazini kwetu asiyejibu kwa wakati tunamhesabu hayupo. Nilimsikia anapumua, nikasikia na kuku wa nyumbani, kisha nikakata simu.

Kwenye kioo Nyapara alikuwa ameshaondoa toleo la zamani na kuwasha jipya. Huduma ndogo zote zilikuwa zimeamka. Aliyebaki ni Mzee tu, anasoma wakulima wake mmoja mmoja, hajajibu chochote. Bosi alipita nyuma yangu akauliza kuna tatizo gani. Nikamwambia hakuna tatizo, huyu huwa anachelewa. Nikavuta kiti karibu na meza, nikamsubiri.